Kuhamisha Kipara

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Bosi ameweka kamera juu ya kaunta kuwakomesha wadokozi wa misumari. Skrini yake iko kwangu, kwa kuwa mimi ndiye muuzaji anayeaminika. Saa tatu nikaona jamaa mwenye kipara utosini kajiinamia nyuma ya kaunta yetu. Nikamwita bosi mbio, nikamwambia tumeingiliwa. Bosi akatazama skrini, akanitazama mimi, akaniomba ninyanyue mkono. Yule jamaa naye akanyanyua.

Mke wangu anasema kipara hicho anakijua tangu mwaka juzi. Alidhani na mimi najua.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Wakati wa chai keshia akatusomea habari kwenye simu yake. Ati watafiti wamewachunguza wanaume wenye vipara. Wanaoanzia utosini huenda wakaugua moyo zaidi kuliko wenzao. Wanaoanzia mbele hawana neno. Mtunza ghala, ambaye paji la uso limemfika katikati ya kichwa, akajipapasa na kutabasamu. Kisha akanipa pole mbele ya wateja, kana kwamba nimefiwa.

Naogopa. Naandika kwa kuwa humu hasomi mtu: naogopa sana. Baba alianguka akifunga kamba za viatu, wakasema ni moyo. Toka siku ile sivai viatu vya kamba, nikadhani nimeshajikinga. Kumbe hatari imenikalia kichwani!

Jumatano, tarehe 6 Machi

Sikupata lepe la usingizi. Moyo ukidunda nausikia, ukikawia nausubiri. Dukani mtunza ghala kutwa ananiletea kiti. Akanipokonya na ndoo ya rangi, akamwambia mteja kuwa mimi siku hizi si wa kubebeshwa vitu. Nikajikaza kisabuni. Nikaenda uwani kuvuta sigara, nitulie.

Huko huko wazo likanijia. Kama kipara cha mbele hakina neno, si nikihamishe tu? Nashangaa watafiti hawakulifikiria hili. Kinyozi hakunielewa, nikamweleza taratibu: anyoe kwa wembe kuanzia mbele mpaka akutane na kile cha utosini, viwe kimoja, na kihesabike kimeanzia mbele. Akaniuliza kama nyumbani wana habari.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Sasa wanayo. Jana mke wangu alifungua mlango, akaniuliza namtafuta nani.

Dukani mtunza ghala kasema tumefanana kama ndugu wa tumbo moja, ila cha kwake hakikupita kwa kinyozi. Keshia alicheka mpaka akakosea chenji. Jioni nikamweleza mke wangu sababu, nikitegemea naye atacheka. Hakucheka. Akaacha kukunja nguo, akasema kesho tunakwenda kwa daktari, hata kama ni kwa kuburutana.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nilimwinamishia daktari kichwa ajionee mwenyewe. Hakukitazama. Akanivisha kipima presha mkononi, akapima, akakunja uso, akapima tena. Iko juu, tena sana. Nikamuuliza: na kipara je? Akasema kipara pengine ni dalili tu, na watafiti wenyewe bado wanabishana. Kinachomhangaisha yeye ni sigara, chumvi na kukaa kitako kutwa nzima. Akaniandikia vidonge, kimoja kila asubuhi bila kukosa.

Mke wangu alinishika mkono muda wote. Tulipotoka nje akalia. Akasema hana mpango wa kuwa mjane. Sijawahi kuona haya namna ile. Nikamwapia kwamba dawa nitatumia.

Muuza dawa alituona wanyonge, akataka kutuchangamsha. Akasimulia kuwa dawa moja ya kuotesha nywele ilianza kama dawa ya presha, mpaka wagonjwa walipoona nywele zinawaota ovyo. Aliongeza jambo kuhusu hii yangu, akalirudia mara mbili. Sikulisikia vizuri. Nilikuwa nafikiri.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Leo nimetulia, kwa mara ya kwanza wiki hii. Daktari ni mtu mzuri, ila ameliendea tatizo kwa mlango wa nyuma. Ugonjwa umeingilia juu, na dawa ipitie juu. Mke wangu alipotoka nikachukua kinu chake kidogo, nikasaga vidonge vyote, nikachanganya na mafuta ya nywele, nikajipaka utosini mpaka usoni. Kimoja kimoja kila asubuhi ni mambo ya watu wasio na haraka. Kichwa kinawasha, maana yake dawa inafanya kazi. Nikavuta sigara moja ya kujipongeza.

Mke wangu amerudi sasa hivi. Kabla hata hajaweka mkoba chini, akaniuliza kama dawa nimetumia. Nikamwambia nimetumia, na sikumdanganya. Akakaa kando yangu, akashusha pumzi, akasema leo atalala.