Seremala na Krimu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni
Leo nimetangaza. Mbele ya ukoo mzima! Jumamosi mama mkwe anatimiza miaka sitini, na kitindamlo nitatengeneza mimi. Krimu ya kupigwa nyumbani, si ya kopo. Wote wakatazamana. Heshima hiyo, bila shaka. Mume wa shemeji yangu, ambaye moyoni namwita Bwana Keki, akakohoa. Huyo ana mashine ya umeme ya kupigia krimu, na mama mkwe humwita "mwanangu". Mimi, mwaka wa saba huu, ananiita "huyo bwana". Jumamosi nitaitwa mwanangu. Nisipoitwa, nauza randa zangu.

Jumatano, 11 Juni
Mazoezi. Mke wangu akasema krimu na bakuli vikae kwanza kwenye friji vipoe kabisa. Nikamwambia mbao haipozwi kabla ya kurandwa. Nikapiga kwa mkono. Nikapiga weee! Maji matupu. Mkono ukafa ganzi. Akauliza kama nahitaji msaada. Msaada! Mimi niliyetundika milango ya nusu ya mtaa huu! Kosa ni la krimu. Haikulelewa vizuri.

Ijumaa, 13 Juni
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu leo zimesimama! Nimefunga waya wa kupigia mayai kwenye drili ya karakana. Bwana Keki na kimashine chake wakalale. Safari hii krimu ilikuwa baridi (wazo langu mwenyewe). Nikabonyeza. Lo! Ikavimba, ikasimama wima. Ningeacha hapo? Fundi haachi kazi inapomnogea. Ghafla mabonge ya njano, maji pembeni. Mke wangu akasema hiyo sasa ni siagi. Nyingine iliganda darini. Akapanda ngazi kuifuta, akicheka peke yake. Nikamweleza kwamba siagi ndiyo ilikuwa shabaha ya Ijumaa. Tumeila na mkate. Tamu mno.

Jumamosi, 14 Juni
Siku yenyewe. Wageni sebuleni, mimi jikoni, drili mkononi. Nikapiga kidogo, nikaacha kwa busara. Bado uji. Bwana Keki akachungulia, akasema kwa upole kwamba mashine yake iko kwenye gari, nikiitaka. Nikamjibu kwamba seremala haazimi mikono. Jasho likanilowesha shati, nikaenda kubadilisha. Mke wangu nikamwachia bakuli alichunge tu. Shati la pili halikuwa limepigwa pasi, nikakawia.

Narudi: krimu imesimama! Nyeupe, laini, imeng'ang'ania kijiko. Imejiumua yenyewe! Nimegundua siri ambayo wapishi hawaijui: krimu inataka kupumzishwa. Mke wangu alikuwa anahema na kujikanda bega. Joto la jikoni.

Nikapanga kwenye glasi: biskuti zilizovunjwa, nanasi, krimu, tena biskuti, krimu nyingine juu. Mama mkwe akalamba kijiko. Akalamba tena. Akamshika mke wangu mkono, akamfuta krimu kwenye kiwiko, akasema, "Hongera, mwanangu."

Mwanangu! Miaka saba! Nilitoka nje kidogo kufuta macho. Kweli alikuwa anamtazama mke wangu, lakini mama wa watu ana miaka sitini, macho hayana nguvu. Baadaye nimemkanya mke wangu awe msafi anapomtazama fundi kazini.

Jumapili, 15 Juni
Nimeamka mtoto wa familia. Shemeji mdogo anaolewa Desemba, wageni mia tatu. Asubuhi nimempigia simu mama mkwe kumwambia krimu yote aniachie mimi. Akauliza kama binti yake amekubali. Swali la ajabu! Binti yake mwenyewe amelala, kitambaa cha maji moto begani. Nimemwambia mama mkwe asiwe na wasiwasi, binti hatagusa kazi yoyote. Atachunga bakuli tu.