Baraka za Mama Mkwe Jukwaani

Jumatatu, 3 Machi
Nimeshushwa! Mtu kauliza kwenye jukwaa la mafundi mtandaoni kwa nini friji yake inaunguruma. Nikajibu: ipige teke dogo ubavuni. Dawa hiyo naitumia kila siku karakanani! Daktari wa Friji, yule fundi anayejiona, akaandika kwamba teke si ufundi. Mishale ya chini, ile ya kupunguza pointi, ikanimiminikia. Nimebaki na pointi sitini. Zikishuka chini ya hamsini nafungwa mdomo, siruhusiwi kujibu tena, na wateja wangu karibu wote hunipata humo. Daktari ana mia tisa. Roho inaniuma.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata akili. Kura za nyumbani! Mke wangu kakataa, kasema nikajifunze friji kwanza. Mama mkwe, Mungu ampe maisha marefu, hakuuliza hata swali. Nimemfungulia akaunti, nikamwonyesha mishale, nikamwambia abonyeze kwenye kila jibu langu. Kaahidi kuwahimiza na wenzake wa darasa la kushona. Raha iliyoje kuwa na wakwe!

Alhamisi, 6 Machi
Arobaini na moja! Nimefungwa mdomo! Mwenye duka la maziwa, aliyeniahidi majokofu yake yote, kasema kwanza anajifikiria. Huyu ni Daktari tu, nani mwingine? Nimemwandikia ujumbe wa faragha, nikampasha vilivyo.

Ijumaa, 7 Machi
Mama mkwe kaja uso umemng'aa, anauliza kama baraka zimefika. Baraka zipi? Akanionyesha. Mshale wa chini, kila jibu, yeye na wenzake wote. Eti baraka hushuka kutoka juu, hazipandi. Mama wa watu kakodolea simu mpaka macho yanamwuma, kwa ajili yangu! Machozi yamenilengalenga. Nimemwambia zimefika zote. Kisha nimemwomba Daktari radhi na kumweleza yote.

Jumapili, 9 Machi
Daktari ni mtu! Kacheka, halafu kanitetea kwa msimamizi. Pointi zimerudi, mdomo umefunguliwa, mwenye duka la maziwa kapiga simu. Namshukuru kwa moyo wote, sina utani.

Ila mia tisa ni nyingi kwa mtu mmoja.

Mama mkwe kauliza ni nani mwema huyu. Yeye na wenzake wanataka kumshukuru ipasavyo. Nimemfungulia majibu yote ya Daktari, nikamchajia na simu.