Soseji Juu ya Tangi la Sirapu

Jumatatu, 4 Novemba
Balaa limeingia kiwandani. Limekuja ndani ya boksi dogo, pamoja na mhandisi, Bibi Wiebke Lüttmann. Kihisi! Amekibandika nje ya tangi la sirapu, karibu na mfuniko. Eti kinahisi sirapu kupitia plastiki, bila kuigusa. Ikifika juu, taa inawaka na pampu inazima. Na mimi je? Kazi hiyo ni yangu miaka yote: napanda ngazi, nazamisha ufito, nasoma, naulamba. Mkuu wetu, Bwana Tönnissen, kasema kikifanya kazi vizuri hadi Ijumaa, nahamia chumba cha lebo. Chini ya shemeji yangu Heiko! Heiko, ambaye kila Krismasi ananifundisha kukata bata bukini.

Jumanne, 5 Novemba
Nimemchunguza adui. Nilimuuliza Bibi Lüttmann, kwa sauti ya mtu mjinga (nina kipaji), kama kihisi kinaweza kudanganyika. Akajibu kwamba kinahisi chochote chenye majimaji kikikaa karibu, hata mkono. Kajichongea mwenyewe! Wakati wa mapumziko nikapanda na kipande cha mkate mweusi, nikakibandika kwa tepu kwenye kihisi. Taa haikuwaka. Mkate mkavu mno. Nyumbani nikamlaumu mke wangu, Irmgard. Kasema anayetaka mkate laini akaoke mwenyewe.

Jumatano, 6 Novemba
Soseji ya maini! Nono, laini. Taa ikawaka papo hapo, pampu ikazima, na tangi karibu tupu. Bwana Tönnissen akaja mbio. Nikazamisha ufito mbele yake: sirapu kidogo tu chini. Alinipigapiga begani kwa kunipongeza! Kasema kesho kihisi kitachunguzwa, na kikishindwa kitarudi kilikotoka. Soseji nimeiacha hapo hapo, ili kiendelee kushindwa. Nimejinunulia keki.

Alhamisi, 7 Novemba
Bibi Lüttmann alipanda ngazi, akanusa. Hakufungua hata mkoba wa vifaa. Akaitoa soseji, taa ikazima. Akairudisha, ikawaka. Bwana Tönnissen akamwomba arudie, kisha arudie tena, huku akicheka kama mtoto. Wengine wote walinitazama mimi. Kiwanda kizima kinajua soseji za Irmgard kwa harufu ya vitunguu.

“Bwana Kessel,” akasema Bibi Lüttmann, “nishukurie mkeo. Nilikuwa sijui nitamwonyeshaje mkuu kitu hiki kinavyofanya kazi.”

Bwana Tönnissen kaagiza vihisi vya matangi yote. Heiko akala ushahidi.

Ijumaa, 8 Novemba
Chumba cha lebo. Heiko kanivalisha aproni na kunionyesha namna ya kushika chupa, kama niliyezaliwa jana. Ufito wangu wameutundika kwenye ukuta wa kantini. Wameuosha! Imeniuma sana, sifichi.

Lakini mashine ya lebo nayo ina kihisi. Nimekaa, nimetafakari kwa unyofu wapi nilikosea, na jibu nimelipata: vitunguu. Harufu ndiyo iliyonisaliti. Jumatatu naleta jibini, haina kitunguu hata kimoja, ile ya mama mkwe, ambayo Irmgard, akiwa ameziba pua, hairuhusu iingie ndani ya nyumba.