Vita vya Mama Mkwe na Ulimi Wake

Njooni, wenye masikio! Acheni sufuria zichemke na redio zijisemee, niwasimulie siku ambayo Mama Mkwe, Malkia wa Kiti cha Dirishani, Mkaguzi Mkuu wa Mishono, aliingia vitani mikono mitupu, akapambana na adui ambaye hakuna aliyewahi kumshinda: ulimi wake mwenyewe.

Chanzo kilikuwa uzi. Katika chumba cha mbele, penye cherehani, uzi ulikuwa unakatika, kap! kap!, na Fundi, mke wa mwanawe, alishampata mchawi.

"Ukikaa nyuma yangu, mama, uzi unakatika. Jicho lako zito. Hamia jikoni."

Jikoni! Kusiko na dirisha wala wapita njia wa kuwasema! Bora angevuliwa taji hadharani.

"Nipimwe!" akanguruma Mama Mkwe. "Nikionekana na hatia nitakwenda mwenyewe, na mto wangu kwapani."

Ndipo alipoinuka mwanawe, mwalimu wa takwimu, shujaa aliyekuwa amejificha nyuma ya gazeti tangu ugomvi uanze.

"Tutaanza kwa kudhani kwamba Mama hahusiki kabisa," akatangaza. "Hiyo ndiyo dhana tupu. Anayetaka kuiangusha alete ushahidi. Nimetia mfukoni vifungo vyeupe na vyeusi, idadi sawa. Kila shati nitachomoa kimoja. Cheupe, Mama anakaa. Cheusi, kiti kitupu. Wewe, mke wangu, hugeuki, usijue yupo au hayupo. Na wewe, Mama..." Akarudi nyuma hatua moja. "Usitoe sauti. Akikusikia, jaribio limeharibika, na mimi sitalirudia."

"Hata kuguna?"

"Hata kuguna."

Mama Mkwe akavua viatu. Kifungo cheupe kikatoka, akanyata hadi kitini kama jeshi linalovuka mto gizani. Cherehani ikavuma. Na lo! Macho yake yakaona Fundi akipachika mkono wa kulia upande wa kushoto.

Neno likapanda kutoka tumboni, likavuka kifua, likayagonga meno kama gogo la kubomolea lango. Akauma ncha ya mtandio. Jasho likamtoka, kisha machozi. Neno likarudi kwa hila, limejigeuza kikohozi, akalimeza nalo. Akashika kiti, akakumbuka jikoni. Hakuguna.

Mashati yakaisha. Mwalimu akasimama.

"Mama akiwepo, uzi umekatika mara nane. Asipokuwepo, mara saba."

"Umeona!" Fundi akaruka.

"Tulia. Tofauti hiyo hata bahati inaweza kuileta. Dhana tupu haijaanguka."

"Kwa hiyo mimi ni msafi?" akauliza Mama Mkwe.

"Hapana, Mama. Ni kwamba hatujapata ushahidi kuwa si msafi."

"Nimekuzaa kwa uchungu wa siku mbili, leo unaniambia hamjapata ushahidi!"

"Kiti ni chako, Mama."

Basi akaketi, akatengeneza mto wake, na yote aliyoyazuia yakatoka kwa mpigo, kuanzia mkono wa shati hadi chumvi iliyozidi kwenye chakula cha harusi yao. Fundi akainama, akafumua mshono. Na watu wa mtaa ule, waliosimama dirishani kushuhudia, tangu siku hiyo huhesabu miaka yao hivi: kabla Mama Mkwe hajanyamaza, na baada ya hapo.