Hema Lililonishusha Ukweni

Jamani, leo nimepatikana. Niko kafe ya intaneti hapa Nachingwea, mgongo unauma, goti limechubuka, na nacheka peke yangu mpaka jamaa wa kompyuta ya pembeni amehama kiti.

Mnajua nimeposa. Mchumba wangu, Zuhura, kwao ni kijiji kimoja huko Ruangwa, chini ya mlima. Baba yake alisharidhika. Aliyekuwa hajasema kitu ni mama, na kwao neno la mwisho ni la mama. Hajawahi kuniona ila kwenye picha, nimevaa koti (la kuazima) na nimeshika kidevu kama mheshimiwa. Na mkwe ni mtu wa kukwepwa. Ukimwona njiani, unaingia porini mpaka apite. Kwa hiyo nilipanga nisikanyage kijiji kile mpaka jibu litoke.

Sasa rafiki yangu Saidi amerudi kutoka Arusha, alikokuwa akipika kwenye kambi za watalii. Amesafisha kiwanja kidogo msituni, juu ya mlima uleule, kachimba choo, kapanga mawe ya kukokea moto, anasema wageni watakuja tu. Akaniomba nikalale huko, nimjaribie hema lake. Nikakubali. Mlimani si kijijini (nilijiona nina akili).

Kwa kweli pale ni pazuri. Kabaridi, chai ya moshi, ndege wa kila namna. Alfajiri Saidi akaenda kuchota maji, mimi nikabaki nimejilaza na bukta yangu. Mara nikasikia debe linapigwa huko chini. Ko! Ko! Ko!

Mimi nimekulia Kilimarondo. Kwetu debe likilia shambani alfajiri, ni tembo. Hakuna cha kuuliza, ni mbio. Nikarukia zipu. Zipu ikang'ata kitambaa. Nikavuta, ikagoma. Debe linazidi. Nikainuka na hema lenyewe, vigingi vikang'oka, nikatoka nduki na nyumba yangu mwilini. (Nilikuwa nakimbilia wapi, sioni mbele? Msiniulize.) Mwanzo nilikimbia kwa miguu. Baadaye nilikuwa nabiringika tu.

Nikaja kusimama katikati ya mahindi ya watu. Debe likanyamaza. Nikasikia mwanamke anasema taratibu, "Huyu si nyani." Kisha nikala fimbo. Ya pili ikanipata makalioni. Nikapiga kelele kwamba mimi ni mtu. Kumbe huko kwao debe ni la kufukuzia nyani!

Zipu ikafunguliwa kwa nje, kiulaini kabisa, nikatoa kichwa. Akina mama wawili. Mwenye fimbo alikuwa na sura ya Zuhura kabisa, miaka tu ndiyo imeongezeka. Mwenzake akainama kunitazama vizuri.

"Dada," akasema, "huyu si yule wa kwenye picha?"

Mkwe akajifunika kanga usoni, akanigeuzia mgongo. Mimi nikarudisha kichwa ndani ya hema. Nikajua Zuhura ndiyo basi tena. Jamani, hapo sitanii. Nampenda yule binti.

Kwa adabu za kwao, mkwe haongei nawe ana kwa ana. Kwa hiyo, ingawa nimelala karibu na miguu yake, akamwambia mdogo wake, "Muulize kama ameumia."

Mama mdogo akaniuliza. Nikamjibu nikiwa humohumo ndani, "Mwambie sijaumia." Akamwambia. Tuko watatu tu shambani, na kila neno linasikika mara mbili.

"Muulize alikuwa anakimbia nini."

"Mwambie tembo."

Nikachungulia. Mabega ya mkwe yanatikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mahindi, mdogo wake naye akamfuata. Alipopata pumzi, akasema, bado amenipa mgongo:

"Mwambie mshenga wake aje Jumapili. Wengine wanatuficha walivyo mpaka tumeshawapa mtoto. Huyu tumeshamwona alivyo."

Nimekubaliwa, jamani! Saidi kanifuata na ndoo yake ya maji, kanikuta humo shambani nalikunja hema huku naimba. Chekeni mnavyotaka, na harusini mnakaribishwa. Ila nawaomba kitu kimoja: Zuhura akiwauliza, tembo alikuwepo.