Blaindi za Mama Naisula

Jumatatu, 14 Julai

Baridi. Mlima Meru haujaonekana tangu Alhamisi. Saa tatu asubuhi, nikiwa bado kitandani na soksi mbili mbili, akapiga simu shemeji Aminiel, kaka wa mke wangu. Kasema Jumamosi saa nane mchana watakuja hapa Sekei kwa kikao: yeye, mzee wa kanisa Elisaria, na Evelyn mwenyewe, Mama Naisula wangu. Evelyn! Miezi miwili na nusu yuko kwa mama yake, huko Machame. Nikauliza kama atarudi nyumbani moja kwa moja. Shemeji akasema itategemea. Nikauliza itategemea nini. Akasema nijiulize mwenyewe dada yake aliondoka kwa nini.

Aliondoka kwa sababu ya uongo mdogo mdogo. Maneno yake hayo. Mimi naita kupanga habari. Alisimama mlangoni na begi mkononi, akasema hataki kitu kingine kutoka kwangu, anataka tu siku moja nimwambie ukweli kabla hajaugundua yeye. Miaka ishirini na sita ya ndoa, halafu unaambiwa hivyo, na mvua inanyesha.

Nimekagua nyumba. Vyombo sawa. Sakafu itasuguliwa. Kisha nikatazama dirisha kubwa la sebuleni. Mungu wangu! Blaindi za Evelyn, vile vipande virefu vya kitambaa vinavyoning'inia wima, ishirini na mbili kwa hesabu, aliziacha nyeupe kama shati la kipaimara. Sasa zina rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Alizinunua baada ya kushona sare za shule mwaka mzima. Ni fundi cherehani, kitambaa hakimdanganyi.

Sababu naijua. Jiko la mkaa. Tangu Juni naliingiza sebuleni, nachoma mahindi, napasha miguu. Alishanikataza zamani: moshi unachafua, na hewa ya mkaa inaua watu usingizini. Kwenye simu kaniuliza mara tatu kama nawasha jiko ndani. Mara tatu nimesema hapana. Sasa kuna mashahidi ishirini na wawili dirishani. Lazima wawe weupe kufikia Jumamosi. Nimeomba likizo ya wiki nzima, nimesema naumwa mgongo.

Jumanne, 15 Julai

Nimesugua kipande kimoja kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Limetoka duara jeupe ukubwa wa sahani. Pembeni pote bado chai. Sasa mtu akiingia macho yanakwenda kwenye sahani moja kwa moja.

Nikaenda kwa Dismasi, jirani wa ukuta mmoja. Blaindi zake zinang'aa mpaka zinaudhi. Nikasema kuna mwenzangu ofisini ana shida ya blaindi. Dismasi akacheka kwa pua. Akasema mwenzangu azishushe, azikung'ute vumbi nje, azilaze kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, nusu saa, asizikunje, azisuuze, azitundike mbichi palepale dirishani zijinyooshe. Ndiyo hivyo tu. Nikamshukuru kwa niaba ya mwenzangu.

Njia ya Dismasi siitumii. Nikiitumia ikafanikiwa, mpaka nazeeka atakuwa ananiambia nilifanikiwa kwa njia yake. Simuni nimesoma kwamba wenzetu hutumia magadi soda. Dukani wanauza kile kipakiti kidogo cha kuumulia maandazi. Kidogo mno kwa msiba huu! Nikapita sokoni Kimandolu, nikachukua magadi ya mawe, yale ya kuivishia makande. Kama yanalainisha mahindi makavu, moshi utayaweza wapi?

Kabla ya kuloweka nimeandika namba kwenye kila kipande, 1 hadi 22, kwa kalamu ya wino wa zambarau, ili visichanganyike. Nimefanya kazi masjala miaka kumi na tisa. Kitu kisicho na namba kimeshapotea. Vyote nimevitia kwenye pipa. Vitalala humo hadi asubuhi.

Jumatano, 16 Julai

Maji yamekuwa kahawia. Magadi yana udongo! Hakuna aliyeniambia. Vipande vimetoka na rangi ya mchuzi wa maharage, vimekakamaa, na namba zimetawanyika. Namba 8 imekuwa wingu la zambarau. Namba 15 imehamia kwenye 16.

Dismasi kachungulia juu ya ukuta. Kauliza kama mwenzangu wa ofisini naye kahamia kwangu. Nikaingia ndani. Nimekula ugali wa jana, umekuwa mgumu. Nikamwazia Evelyn akiingia na kunyamaza. Akigomba ninajua pa kushika. Kunyamaza kwake ndiko kunanimaliza.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeamka na wazo. Bluu ya kufulia! Mama yangu alikuwa akisuuza mashati yetu ya shule kwa maji yenye bluu kidogo, yanatoka meupe mpaka mwalimu anasifia. Nikanunua. Dukani wakasema kijiko kimoja kwa ndoo. Lakini hayo ni mashati ya mtoto, hizi ni blaindi za dirisha la mita tatu. Nikatia mkebe mzima. Nikakoroga kwa mikono yote miwili.

Sasa ni za buluu. Buluu ya sare za manesi, yenye mabaka ya maharage na mawingu ya zambarau. Mikono yangu pia, hadi viwiko. Nimesugua kwa ndimu, imekataa.

Nimezianika nje. Hakuna jua. Ukungu umeshuka kutoka mlimani ukakaa juu ya kamba kama unalipwa. Jioni zilikuwa zimelowa kuliko asubuhi. Nikafikiri sana. Zinahitaji joto kavu, la ndani, la karibu. Nimeziingiza sebuleni, nimezitundika kwenye viti, nimewasha jiko katikati.

Ijumaa, 18 Julai

Zimekauka. Zina moshi upya. Namba 3 imeungua tundu, namba 11 imesinyaa ikawa ya dirisha la choo.

Nikaenda kwa Dismasi bila mzunguko. Nikaomba aniazime blaindi zake kwa muda wa kikao tu kesho. Akanikaribisha ndani, akanimiminia chai, akatazama mikono yangu muda mrefu. Akasema blaindi atanipa, hana neno. Ila kwa nini nisimwambie tu Mama Naisula kwamba niliwasha jiko, baridi ilinizidi, nikaharibu, nisamehe. Akasema yeye mkewe alishamsamehe makubwa kuliko kitambaa.

Nikakasirika. Mtu anakupa chai kumbe anataka kukuhubiria. Nimerudi bila blaindi zake. Vipande vyote nimevitia kwenye gunia, gunia nyuma ya banda la kuku. Dirisha liko wazi. Habari nimeshaipanga.

Jumamosi, 19 Julai

Wamekuja. Naandika haraka kabla sijaanza kuikumbuka siku hii vibaya.

Ukungu uliondoka saa saba. Mara ya kwanza wiki nzima. Evelyn kaingia nyuma ya kaka yake, kakonda kidogo, kavaa sweta la kijani nililompa mimi. Nikamwamkia mzee Elisaria shikamoo, nikaweka mikono mfukoni. Evelyn hakukaa. Alikwenda dirishani akasimama. Mlima Meru wote ulikuwa pale, mpaka kileleni, na jua likijaa sebuleni mpaka chini ya meza. Akasema hakujua chumba hiki kina mwanga hivi. Miaka yote alidhani alikuwa anakipamba, kumbe alikuwa anakifunika.

Alisema hivyo! Kwa sauti ya zamani. Shemeji Aminiel akakohoa, akasema begi la dada yake liko kwenye gari. Begi!

Mzee Elisaria akaomba, akasema Mama Naisula ana neno moja tu kwangu, hakuna haja ya kikao kirefu. Evelyn akageuka. Akauliza, taratibu kabisa, blaindi ziko wapi.

Kweli ilifika kooni. Naapa. Niliisikia pale. Kisha nikajisikia nikisema wameiba.

Shemeji akauliza lini. Nikasema Jumanne. Mzee Elisaria akauliza kama nimetoa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikasema nimetoa, nikatoa na mkono mfukoni ili kuonyesha nyumba yake iko upande gani.

Wote wakautazama mkono. Wa buluu.

Evelyn hakucheka. Hakugomba. Alinishika kidole kimoja, akakigeuza, akakiachia. Akasema ya jiko alikuwa anayajua tangu Juni. Kikohozi changu kwenye simu kilimwambia. Hakuwa na shida na jiko wala kitambaa, kitambaa angeshona kingine. Alikuwa anangoja tu niseme. Kisha akasema amechoka, Baba Naisula, na safari hii hakusema kwa hasira.

Begi halikushuka kwenye gari. Nilisimama getini mpaka gari likapinda kona. Dismasi alikuwa ukutani kwake, akaingia ndani bila kusema kitu. Afadhali angesema.

Jumapili, 20 Julai

Sikwenda kanisani. Mzee Elisaria angeniuliza hali.

Nimekaa nikapitia mambo yote, hatua kwa hatua, kama faili. Kosa nimeliona. Glavu! Ningevaa glavu Alhamisi, habari ya wezi ingesimama yenyewe. Pia wangekuwa wezi wawili, mmoja hawezi kushusha vipande ishirini na viwili peke yake. Nimeandika pembeni nisisahau.

Nyumba ina baridi zaidi bila blaindi. Mlima umejificha tena. Nimekaa kwenye kiti kinachotazama dirisha, pale aliposimama, na sikuona kitu zaidi ya uso wangu kwenye kioo. Nimemkumbuka mke wangu. Nimeandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma hapa.

Saa kumi na moja jioni akapiga yeye. Evelyn! Kauliza kama nimekula. Nikasema nimekula wali na samaki. Mahindi mawili ya kuchoma, lakini samaki anasikika vizuri zaidi. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama nimewasha jiko ndani.

Nikatazama mkaa. Ulikuwa umekolea vizuri, miguu yangu juu yake.

Nikasema hapana. Nikafunika simu kwa kiganja, nikakohoa pembeni. Nadhani hakusikia.