Kitenge cha Kutangulia na Mbuzi

Jumamosi, tarehe 17 Desemba

Zagabe tena. Jioni hii familia za mtaa wetu wa Nyalukemba tulikutana kusali kwa Maman Bijou, rais wa shirika letu la kanisa. Misa ya Noeli huwa ni zamu yetu kupeleka matoleo. Maman Bijou akatangaza kwamba familia itakayovaa kitenge kimoja, kuanzia mkongwe hadi mtoto wa mwisho, ndiyo itakayotangulia na mbuzi wa matoleo. Wote wakamgeukia Zagabe. Mimi hakuna aliyenigeukia. Zagabe, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo. Mwaka jana alitangulia yeye. Mwaka juzi yeye.

Na mama mkwe anakuja kutoka Kavumu kula Noeli nasi. Tangu nimuoe binti yake hajaniona nikitangulia kitu chochote. Mwaka jana, baada ya misa, alimwuliza mke wangu Eulalie mbele yangu: "Ule papa wa mbuzi, ye iko na bibi?" Mke wa Zagabe alikuwa amesimama palepale. Mimi pia!

Mwaka huu nitatangulia mimi. Ofisini kwetu mimi ni mtu wa lojistiki. Kupanga ndiyo kazi yangu.

Jumatatu, tarehe 19 Desemba

Mpango wa kwanza: kumzuia Zagabe. Nilimtuma binti yangu Elodie kwao akaazime pasi. Akarudi bila pasi, lakini na habari. Kitenge chao ni cha rangi ya dhahabu, na kiko kwa Mushagalusa, fundi wa pale kona. Mushagalusa hana msaidizi, na cherehani ni moja.

Nikateremsha mapazia ya nyumba nzima nikampelekea. Ayapunguze, ayatie pindo mpya, ayashonee na maua. Nikamlipa kabla ya kazi, jambo ambalo nadhani lilikuwa halijampata maishani. Akakisukuma kile kitenge cha dhahabu kando mbele ya macho yangu. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Eulalie alirudi kutoka shuleni anakofundisha, akasimama katikati ya sebule. "Papa Elodie, rideaux iko wapi?" Nikamjibu kwamba Noeli ni sikukuu ya mwanga. Hakucheka. Sasa Zagabe anatuona tukila. Anatupungia mkono kutoka dirishani kwake. Ufidhuli mtupu.

Jumanne, tarehe 20 Desemba

Mpango wa pili: kitenge chetu. Siri kabisa. Eulalie nikimwambia, atawaambia walimu, na walimu wataiambia Bukavu nzima.

Nilienda mwenyewe soko la Kadutu. Nikakiona. Bluu ya mbingu, njiwa weupe, na mama aliyembeba mtoto mgongoni. Bikira Maria wa kwetu hasa! Kilikuwa kimekunjwa, neno lililoonekana ni moja tu: "Siku". Siku gani tena wiki hii, kama si yenyewe? Na bei ya huruma. Yule mama muuzaji alitaka kukikunjua. Nikamzuia, maana sokoni kuna macho.

Nikakipeleka kwa fundi mwingine, kulekule Kadutu, pamoja na nguo moja ya kila mtu niliyoichomoa kabatini iwe kipimo. Ya mama mkwe sikuwa nayo. Nikamwambia fundi: mwanamke wa heshima. Siwezi kuanza kumweleza mtu umbo la mama mkwe wangu. Akataka kuniuliza jambo kuhusu kitenge. Nikamkata kauli: ashone, anyamaze.

Alhamisi, tarehe 22 Desemba

Mama mkwe amefika na kuku, ndizi na viazi vya kulisha kikosi. Nyumba imejaa. Elodie yuko kwenye mazoezi ya kwaya asubuhi na jioni. Mdogo wake Yannick anajenga pango la Noeli kwa udongo katikati ya mlango, na kila anayepita anavunja mchungaji mmoja. Eulalie anatafuta gauni lake la Jumapili na kunitazama mimi. Mama mkwe anavalia nyuma ya kabati kwa sababu madirisha yako uchi.

Jioni Zagabe akaja na pazia la kutuazima. Ati anatuonea huruma. Nikalikataa. Mama mkwe akamshukuru mara mbili.

Jumamosi, tarehe 24 Desemba

Nimechukua furushi. Fundi wa Kadutu alifungua mdomo, nikamkumbusha anyamaze, akanyamaza. Ila alikuwa akitabasamu. Mtu mzuri. Nikampitia Mushagalusa: mapazia hayajaisha, kitenge cha dhahabu hakijaguswa. Zagabe alikuwa pale akimsihi. Nikampa pole. Ndiyo pole tamu kuliko zote nilizowahi kutoa.

Furushi liko juu ya kabati. Hakuna kufungua mpaka asubuhi.

Jumapili, tarehe 25 Desemba, Noeli

Nitaandika, ingawa nina hasira.

Asubuhi nikagawa nguo. Shangwe. Ya mama mkwe ilimkaa vizuri ajabu, akatoka nje kuwasalimu majirani. Mimi nikajitazama kwenye kioo. Kifuani njiwa, mabegani njiwa. Nyuma yangu Elodie akaanza kusoma polepole. "Papa, hii ni kikwembe ya huit mars."

Katikati ya kila mgongo, fundi alikuwa ameweka duara moja kubwa: SIKU YA WANAWAKE, 8 MARS. Chini yake: KAZI YA NYUMBA NI YA WOTE. Kwangu duara lilionekana lote, maana mgongo wangu ni mpana.

Nikasema tubadili. Eulalie akakataa. Akasema mama yake hajawahi kuvaa nguo moja na watoto wake, na leo hamvui mtu. Kengele ikalia.

Kanisani, Zagabe na watu wake, kila mtu na nguo yake. Hakuna familia nyingine yenye kitenge kimoja. Maman Bijou akanishika mkono. Nikasema mguu unauma. Akanipa kamba ya mbuzi.

Nilijaribu kucheza kinyumenyume ili mgongo ukae upande wa padri. Mbuzi alikataa. Nikageuka. Kicheko kilianza nyuma kwa akina mama, kikaja safu kwa safu, kisha vigelegele. Mama mkwe akaomba asomewe. Elodie akamsomea kwa sauti ya kwaya.

Baada ya chakula mama mkwe akaketi. Eulalie akaketi. "Mukwe," akasema mama mkwe kwa upole, "ile umevaa mugongoni, ni bongo ao ni kweli?" Nikaosha vyombo. Vyote, na masufuria. Madirisha hayana mapazia. Zagabe alijiletea kiti.

Jumatano, tarehe 28 Desemba

Mapazia yamerudi. Yamekuwa mafupi, yanaishia nusu ya dirisha. Maman Bijou anataka niandamane na akina mama mwezi wa tatu, mstari wa mbele. Mama mkwe amerudi Kavumu na gauni lake. Nasikia huko anasimulia habari za mukwe wake wa mbuzi. Anacheka mpaka machozi, lakini anasema "mukwe wangu". Hilo linanitosha.

Kosa si langu. Ni la muuzaji aliyekunja vibaya na fundi asiyesema.

Leo nimepita Kadutu. Nimeona kitenge cha Pasaka, kijani kibichi. Kuna mwanakondoo mweupe, na kando yake malaika wa vazi jeupe aliyeshika kitu chembamba chenye ncha kama ya sindano, bila shaka mshumaa wa Pasaka. Neno lililoonekana ni moja: "Kampeni". Kampeni ya imani. Muuzaji alitaka kukikunjua.

Nimemkatalia. Zagabe ana macho kila mahali.